Koti la Wapikwani

Jua la kaskazini halina adabu. Wakati wa baridi huchungulia tu, kisha huondoka bila kuaga. Giza lilikuwa linaingia msituni Anselmi alipotoka na ndoo kwenda kuchota maji kwenye tundu la barafu ziwani. Njia fupi ilipita mbele ya ghala lake la ngozi. Jioni hiyo alizunguka nyuma.

Aliogopa harufu.

Moshi na mafuta ya dubu... Harufu ya shemeji yake Wapikwani, aliyekufa siku kumi na mbili zilizopita.

Ngoja niwaambie alichofanya, maana mwenyewe hakuthubutu kumwambia mtu. Anselmi alikuwa mnunuzi wa ngozi za biva, yule mnyama wa majini mwenye mkia bapa, na alikuwa ameoa kwa Wakrii, wenyeji wa misitu ile. Katika kazi hiyo, koti la biva lililovaliwa hushinda ngozi mpya kwa bei. Mtu akilivaa miaka miwili, manyoya yakimgusa mwilini, nywele ngumu hupukutika na kubaki ulaini ambao watengeneza kofia wa ng'ambo huugombea. Ila kuna mwiko: koti huchukuliwa theluji ikiyeyuka. Humvui mtu katikati ya baridi, hata uwe na roho ya jiwe.

Wapikwani, mjane, dada mkubwa wa mkewe, alikuja mchana mmoja wa njaa kutafuta unga na baruti.

"We shemeji! Mbona umenenepa hivyo, kama dubu anayejiandaa kulala? Mdogo wangu anakulisha nini?"

Wakacheka. Kisha Anselmi akaliangalia koti lake vizuri. Tangu aanze kazi alikuwa hajaona koti kama lile.

"Niachie hilo. Nitakupa unga, baruti, na blanketi juu."

"Leo? Shemeji, subiri basi theluji iyeyuke."

"Wakati huo unga utakuwa umekwisha."

Mwongo mkubwa! Alikuwa na mapipa matatu nyuma ya mlango. Wapikwani akalivua koti polepole, akajitanda lile blanketi jembamba. Hakutania tena. Aliondoka na kamfuko kake ka unga.

Alasiri upepo ukaanza. Mkewe, Nipisi, akarudi kutoka kwenye mitego ya sungura.

"Dada amepita hapa? Nimeona nyayo kama zake."

Koti lilikuwa limeshafichwa ghalani. Uso wa Anselmi ukawaka kwa aibu.

"Sijamwona," akasema.

Angesema kweli, Nipisi angewafunga mbwa kwenye gari lao la kuteleza thelujini saa ile ile na kumfuata dada yake. Walimkuta siku ya tatu, ameketi katikati ya ziwa, amekumbatia magoti. Ardhi ilikuwa imeganda, kwa hiyo walimviringisha katika blanketi lile lile, wakamfunika kwa mawe, kamfuko kake kifuani. Nipisi alilia mpaka sauti ikakauka. Blanketi lilitoka wapi? Aliuliza mara moja tu. Anselmi akatazama chini. Tangu hapo, kila alipotaka kukiri, aibu ilimrudisha nyuma. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi, jioni hiyo alikuwa anarudi na maji aliposikia kitu.

Ka-ka-ka-ka...

Meno. Meno ya mtu anayetetemeka.

Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Akaingia. Harufu ya moshi na mafuta ya dubu ikamjaa puani. Msumari alipolitundika koti ulikuwa mtupu. Chini yake, sakafuni, palikuwa na kitu kimekunjwa vizuri, kimekakamaa kwa barafu.

Lile blanketi.

Na juu yake, kale kamfuko ka unga. Hakajafunguliwa.

Ndoo ikamponyoka. Akakimbilia nyumbani. Leo nasema, aliwaza, leo nasema yote, anifukuze, aniue, potelea mbali!

Nipisi alikuwa ameketi mbele ya moto, amempa mgongo. Koti lilikuwa mabegani mwake.

"Mke wangu..." Machozi yalimtoka. "Nilikudanganya. Dada yako alikuja. Mimi ndiye niliyemvua. Nisamehe, Nipisi, naona aibu hata ya kuishi."

Mabega yale yakatikisika.

Ka-ka-ka-ka...

"Funga mlango," ilisema sauti ya mkewe. Hakugeuka. "Baridi, shemeji."

Huenda Nipisi alilikuta koti mwenyewe, akaenda kufukua mawe na kulitoa blanketi ili amwadhibu mumewe. Anselmi hujiambia hivyo. Lakini kesho yake alikwenda ziwani kuangalia. Mawe yalikuwa vile vile, theluji juu yake haijaguswa, na hakuthubutu kuyainua.

Theluji ikayeyuka. Mbu wakajaa, watu wakatembea vifua wazi. Mwanamke yule bado amelivaa koti, bado anatetemeka mbele ya moto.

"Shemeji, ongeza kuni."

Naye huongeza, macho chini. Mpaka leo hajathubutu kumuuliza: mke wangu Nipisi yuko wapi?