Nilimtangaza Jirani Yangu Muuaji wa Mbwa

"Asho, umempa mbwa wangu sumu."

Nilimwambia hivyo mbele ya kibanda chake cha maziwa hapa Kitengela, wateja wakiwa kwa laini na vijagi vyao mkononi.

Alifunika mtungi polepole, akaniangalia.

"Sumu gani, Mama Kui?"

"Ile uliweka kwa gate yangu jana. Niko na picha."

Yule mama wa mbele kwa laini alirudisha kijagi chake ndani ya kiondo... akaenda zake. Wa pili akamfuata.

Mimi nilifurahi. Wacha niseme ukweli, nilifurahi sana.

Naitwa Shiro. Mimi na Asho tumepakana ukuta miaka mitatu na hatujawahi kupendana. Mbwa wangu Bosko alikuwa akirukia watoto wake wakienda madrasa, Asho akaniambia nimfunge. Nikamwambia kama hapendi mbwa arudi kwao. Kwao ni hapa hapa Kajiado, amezaliwa Kiserian... lakini nilisema.

Sasa Jumatatu hiyo tulirudi kutoka kazini na mume wangu, Roy, tukapata Bosko amejikunja kando ya gate. Ametapika kila mahali. Ukimgusa tumbo analia kama mtoto. Karibu na mdomo wake kulikuwa na bakuli ya plastiki ambayo si yetu.

Caroline wa nyumba ya pili akanitumia picha aliyopiga saa nane mchana. Asho ameinama, anasukuma hiyo bakuli chini ya gate yangu.

Ungekuwa wewe ungefikiria nini?

Tulimkimbiza Bosko kwa daktari wa mifugo, dada mmoja anaitwa Ndanu. Akamwekea dripu, akamtoa damu ya kupima.

"Amekula nini tangu juzi?" akaniuliza.

"Chakula yake ya kawaida."

"Una uhakika?"

"Nimekwambia ni sumu, daktari. Tafuta sumu."

Sikungoja majibu. Asubuhi nikaenda kwa kibanda, mnajua nilichosema huko. Nikirudi nikaweka ile picha kwa group ya estate, watu mia mbili na kitu. Nikaandika: "Huyu ndiye anatuuzia maziwa. Leo ni mbwa, kesho ni watoto wenu."

Saa sita Ndanu akapiga simu.

"Mama Kui, hakuna sumu. Kongosho ya mbwa wako imefura. Hii mara nyingi huja mbwa akila mafuta mengi. Mlikuwa na sherehe?"



Jumapili binti yetu Kui alipata kipaimara. Tulichinja mbuzi wawili. Wageni wakienda, mimi mwenyewe, kwa hii mikono yangu, nilikusanya mafuta ya mbuzi, ngozi za kuku na mchuzi ulioganda, karai nzima, nikampa Bosko. Roy aliniambia ni mengi. Nikamjibu mbwa ni mbwa, na yeye asherehekee.

"Na ile bakuli?" nikamuuliza Ndanu.

"Mume wako aliniletea. Ilikuwa maji tu. Naona huyo mtu aliona mbwa anatapika juani na nyinyi hamko. Alimsaidia."

Hapo ndipo mtu mzuri angefuta ile post.

Mimi sikufuta.

Nilisema nitangoja ipoe. Siku nne. Roy aliacha kuongea na mimi, ila swali moja tu: "Utamwambia ama nimwambie mimi?" Nikamwambia asiniingilie. Kwa group watu walikuwa wakiandika mambo hata mimi naona aibu kuyarudia, mambo ya dini yake na kabila yake, na nilikuwa nayasoma moja moja...

Jumamosi nikapita kibandani. Kimefungwa. Maziwa iliyokosa wateja ilikuwa imemwagwa kwa mtaro, nyeupe mpaka barabarani.

Nikaenda kwake, nikapiga magoti mlangoni. Nikamwambia yote, mpaka karai.

Alinisikiza akiwa amesimama. Hakunikaribisha.

"Mimi hata sigusi mbwa," akasema. "Niliogopa kufika hapo kwa gate. Lakini alikuwa na kiu."

"Nisamehe, Asho."

"Inuka. Hukunitukana hapa mlangoni. Ulinitukana kwa watu mia mbili. Enda uwaambie hao."

Akafunga mlango.

Kwa hivyo nawaambia. Asho hakumpa mbwa sumu. Ni mimi nilimlisha mafuta nusura afe, na nilijua ukweli nikanyamaza siku nne.

Bosko yuko hai. Amekonda, anakula wali na kuku wa kuchemsha bila ngozi, na Ndanu amesema pengine itakuwa hivyo maisha yake yote. Wewe uliye na mbwa, mafuta ya nyama, ngozi ya kuku, mchuzi mzito, usimpe ukidhani unampenda. Akianza kutapika na kujikunja, kimbia kwa daktari. Na ukitafuta mwenye makosa, anza na sufuria yako.

Hii nimeiweka kwa group kwanza, jana jioni. Ile picha nimeifuta, na Caroline amefuta yake. Wengine wameomba msamaha, wengine wametoka kimya kimya.

Asho amejibu mstari mmoja tu.

"Nimesoma. Lakini kusalimiana nawe, bado."