Lenzi Ndefu ya Zuleha

Kila Jumamosi asubuhi Zuleha alifagia studio ya mama yake mdogo, Mwaisha, na kila Jumamosi ufagio uliachwa katikati ya kazi. Mara aende dirishani kuutazama mlima, mara akalie kiti cha picha za pasipoti, mara afungue kabati la kamera na kulifunga tena. Alikuwa darasa la saba, na walimu wake wa shule ya Kilakala walishachoka kumwambia atulie. Miguu yake haikuwa na adabu ya kukaa.

Jumamosi hii alikuwa na sababu. Lenzi ya zamani ya Mwaisha ilikuwa imekwama, na wiki ijayo alitakiwa kuanza safari ya kupiga picha za kalenda ya chama cha waongoza watalii. Angepita vijiji vya Uluguru, ashuke sokoni, kisha aende mpaka Kisaki kupiga picha za reli na abiria wake. Uwezo wake ulitosha lenzi moja tu. Halidi, muuza vifaa vya kamera, alikuwa amemwazima mbili za kujaribu, moja irudi dukani Jumatatu.

Mwaisha aliziweka mezani. "Hii ndefu inavuta vitu vya mbali. Ndege aliye juu ya mti utamhesabu manyoya. Lakini ukiwa ndani ya behewa, utapata pua ya abiria basi. Hii fupi inaona chumba kizima, halafu inavuta kiasi."

"Tuchukue ndefu," Zuleha alisema papo hapo.

"Nani kakwambia? Lenzi ya safari haichaguliwi mezani. Tunapanda nazo leo, jioni tutaangalia picha."

Walipanda njia ya mlimani, Mwaisha na kamera yake yenye lenzi fupi, Zuleha na kamera ya akiba yenye lenzi ndefu. Kila walipokutana na mtu, Mwaisha alisimama. Alisalimia, akauliza habari za nyumbani na za shamba, akaomba ruhusa, ndipo akapiga. Halafu aliahidi kuleta nakala, na ahadi hiyo hakuwahi kuivunja kwa mtu yeyote. Zuleha aliona muda unateketea. Ukungu ulikuwa unapanda, mwanga unakuja na kuondoka, na mama mdogo yuko kwenye habari za karoti.

"Mama mdogo, nitangulie?"

"Tangulia, ila usiende mbali. Na sharti unalijua."

"Salamu, ruhusa, ndipo kamera," Zuleha alijibu huku ameshaondoka.

Kwenye kona ya juu aliona ng'ambo ya bonde mwanamke wa makamo akiosha nywele mtoni. Alikuwa amejifunga kanga, kichwa wazi. Jua lilipenya ukungu likayamulika maji yaliyokuwa yakimtiririka. Zuleha alivuta lenzi mpaka mwisho, na mwanamke yule akawa karibu kabisa, kana kwamba angeweza kuguswa. Kumfikia ilibidi kushuka bonde lote na kuvuka mto. Mwanga ungengoja? Alibonyeza mara moja tu, akaondoka haraka.

Jioni, picha ilipotokea kwenye kompyuta, Mwaisha aliisogelea. "Umepiga wewe hii?"

"Ndiyo."

"Na alikubali, akiwa kichwa wazi hivi?"

Zuleha alitamani sana sifa ya picha ile. "Alikubali."

"Anaitwa nani?"

"Mama Amosi," alisema, jina la kwanza lililomjia mdomoni.

Mwaisha alimshika bega kwa furaha. "Basi lenzi tumeshapata, ni hii ndefu. Na picha hii ndiyo itakayofungua kalenda. Kesho tunampelekea nakala yake."

Zuleha hakumaliza ugali wake. Alikuwa hajafikiria nakala. Alijua kuwa picha ile ikienda kwenye kalenda, itaning'inia ukutani kwa watu mwaka mzima, na mwenyewe hana habari. Mara tatu alifungua mdomo ili aseme, mara tatu akaomba maji.

Jumapili walipanda tena na kamera zao mbili, bahasha ya nakala ikiwa kwenye mkoba wa Mwaisha. Zuleha alikuwa akitembea mbele, anarudi nyuma, anafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Aliomba kimoyomoyo wasimpate mtu. Njiani walimkuta kijana aitwaye Hafidhi akipakia karoti kwenye tenga pamoja na wenzake. Mwaisha aliwauliza nyumba ya Mama Amosi.

"Mama Amosi?" Hafidhi alitazamana na wenzake. "Huku hatuna mtu wa jina hilo, dada."

"Labda mnamwita kwa jina lingine. Ngojeni niwaonyeshe picha yake." Mwaisha alitoa bahasha. Vijana walisogea.

Zuleha aliona kitakachotokea. Mama yule, kichwa wazi na kanga yake iliyolowa, atazamwe na vijana wa kijijini kwake. Aliruka akaishika bahasha kwa mikono yote miwili.

"Usiwaonyeshe, mama mdogo. Sikumwomba. Hata jina lake silijui."

Mwaisha alimtazama, kisha akairudisha bahasha mkobani. Aliwaaga vijana kwa upole. Walipofika mbali kidogo, Zuleha alisema kwa sauti ndogo, "Turudi nyumbani?"

"Hatujaja kurudi. Alikuwa wapi?"

Walishuka bonde lile lile ambalo jana Zuleha alikataa kulishuka. Ng'ambo ya mto walimkuta mama mwenyewe akianika maharage kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, amejitanda vizuri. Mwaisha alisalimia, akampa Zuleha bahasha, kisha akakaa kimya makusudi. Zuleha alielewa kuwa zamu ni yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Alijitaja jina, akaeleza yote, machozi yakimtoka, akamkabidhi bahasha. Mama yule aliitazama picha kwa muda.

"Nilidhani niko peke yangu," alisema. "Kwa nini hukuniita? Sauti inavuka huu mto. Ningejitanda, ningekaa vizuri, ungepiga."

Maneno hayo yalimuuma Zuleha kuliko kuchapwa. Alifuta picha ile kwenye kamera mbele yake, na Mwaisha akaahidi kuifuta ya kwenye kompyuta. Mama aliingia na nakala jikoni, kwenye moto, akarudi mikono mitupu. Zuleha akageuka ili waondoke.

"Na hiyo kamera mmeishusha huku bure?" mama aliuliza. "Sasa umeniomba. Piga."

Zuleha aliinua kamera. Lenzi ndefu ilimpa shavu na kipande cha mtandio. Alirudi nyuma, akarudi tena, mpaka mama akaanza kucheka. "Utatumbukia mtoni."

Mwaisha alimpa kamera yake, yenye lenzi fupi. Mara kila kitu kikaingia: maharage, mlango, mlima nyuma yake, na uso wa mama ukiwa bado kwenye kicheko. Zuleha alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya moshi kwenye nguo zake. Akabonyeza.

"Na mwandike jina vizuri," mama alisema. "Shamimu binti Stambuli. Huyo Mama Amosi mimi simjui."

Njiani Mwaisha alisema, "Lenzi ndefu haina kosa, Zuleha. Kupiga ndege itafaa sana. Kosa lako ni kuitumia kukwepa salamu, kisha ukaniongopea, na mimi nikawa karibu kumwaibisha mtu mzima. Safari ni watu. Nachukua lenzi inayonilazimisha niwasogelee. Na picha utakayopiga, uwe tayari kumpelekea mwenyewe nyumbani kwake, mchana, ukimtazama machoni."

Jumatatu lenzi ndefu ilirudi kwa Halidi. Kabla ya safari ya Kisaki walipanda tena na nakala ya picha mpya. Kwenye kona ya juu Zuleha alimwona Bi Shamimu mtoni. Kamera ilikuwa begani. Hakuigusa, akageuza uso upande wa njia, akaweka viganja mdomoni na kuita kwa nguvu zake zote.

"Bi Shamimu, shikamoo."

Sauti ikavuka mto.

"Marahaba, Zuleha. Ngoja nijitande, halafu ushuke."

Akangoja, ametulia tuli.