Mkanda Usioachia

Bingwa alikuwa amebanwa kwenye kona ya lifti ya jengo la maduka, kiti chake cha magurudumu kimezungukwa na mifuko na viuno vya watu, wakati mwanamume mmoja alipojipenyeza na tandiko la farasi begani. Nusura limgonge pua.

"Mshono wa hapo chini umekwenda upande," Bingwa akasema.

Mwanamume akageuka. Shati lake la samawati lilikuwa limelowa jasho, vidole vimejaa nta. "Dada yangu, unayajua matandiko?"

"Nayakalia."

Hapo mwanamume akamtambua, akaona haya mpaka watu wakacheka. Nani asiyemjua? Miguu isiyosikia hata moto, na medali tatu za kupanda farasi. Lifti ilipofika ghorofa ya nne yule mwanamume, fundi wa matandiko, alikuwa ameshaomba namba. Ya tano, ameshapewa.

Simu zikaanza.

"Malkia wangu, umekula?"

"Nimelishwa."

Hakuwa akitania. Mama yake alifunga mlango kwa ufunguo kila alipotoka, eti binti asije akaporomoka ngazini. Kaka yake alimsukuma bila kumuuliza anakwenda wapi. Walimpenda, naye alikosa pa kupumulia. Alipata nafuu juu ya farasi tu, saa moja kwa siku.

"Nitakushonea tandiko jipya," fundi akamwambia. "Utalikalia kama ulizaliwa nalo."

Siku ya mashindano Bingwa alivaa koti jeusi na glavu nyeupe. Mkaguzi akavuta mkanda wa paja wa lile tandiko jipya. Akavuta tena. Haukuachia. Mikanda ya wapandaji kama Bingwa hukazwa kwa bizimu nyuma ya paja, lakini katikati huunganishwa kwa utepe wa kunata, ili farasi akianguka uachie, mtu asilaliwe na mnyama. Juu ya utepe huo fundi alikuwa amepitisha uzi wa nta, mara mbili.

"Huingii uwanjani," mkaguzi akasema.

Bingwa akampigia fundi simu. "Umenifanya nini?"

"Mpenzi, niliogopa. Kila nikifumba macho nakuona uko chini."

"Mama kanifungia mlango, kaka kanishikia kiti, na wewe ukaona bado, ukachukua sindano?"

Akakata simu, akalia palepale mbele ya farasi. Tandiko akalirudisha siku hiyohiyo.

Kwa wiki mbili hakupokea simu za fundi. Kisha asubuhi moja akamdai mama yake ufunguo, tena si kwa upole, akaita teksi mwenyewe. Alivaa gauni la manjano na hereni kubwa, kama mtu anayekwenda vitani.

Fundi alipomwona mlangoni mwa karakana aliinuka. "Malkia..."

"Panda."

Lile tandiko lilikuwa juu ya gogo la kujaribia, uzi wake bado haujakatwa. Fundi akapanda. Bingwa akakaza bizimu kwa nyuma, mahali mkono wa fundi usipofika, akasukuma magurudumu akatoka nje. Dakika zikapita. Simu ya fundi ikalia juu ya meza, mbali naye.

"Pokea basi!" Bingwa akaita kutoka nje.

"Siwezi kuifikia!"

"Umeona?"

Fundi akajibu kwa sauti ndogo: "Mpenzi, miguu inakufa ganzi... samahani, sikukusudia..."

Bingwa akacheka bila kupenda. Akarudi na mkasi, akakata uzi, akavuta. Utepe ukaachia kwa mlio mkali. Fundi akateremka, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Nataka kukuoa. Lakini sijui kama nitaacha kuogopa."

"Ogopa, nani kakukataza? Nina swali moja tu. Nikianguka, utafanya nini?"

Fundi akauokota uzi uliokatwa, akauzungusha kidoleni. Bingwa akangoja, moyo unamwenda mbio kuliko siku yoyote uwanjani, maana jibu likiwa baya angerudi kwa mama na ule mlango.

"Nitakuacha uanguke," fundi akasema hatimaye, machozi yakimtoka. "Halafu nitakuja mbio."

"Usije mbio. Ngoja nikuite."

"Nitangoja uniite."

Bingwa akamnyooshea mkono wa kushoto.

"Haya, pima kidole. Ila hiyo pete isinibane."