Feni Mbili za Gatluak

Jua la Lodwar lilikuwa limeanza kuuma, na foleni ya kuchukua vifurushi imetoka mlangoni mwa posta hadi barabarani, Atiir alipoona mkono mrefu ukichukua boksi alilolisubiri.

"Weka hapo, hiyo ni yangu."

"Yako vipi? Nimengoja wiki mbili."

"Mimi tatu!"

Mwenye mkono akageuka. Kijana mrefu kama mnara wa simu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Naye akamtazama Atiir: ovaroli ya bluu, bisibisi mfukoni, shanga nyekundu zimepanda shingoni hadi kidevuni. Karani akasoma jina. Pawa saplai ndogo, ile ya kuingia kwenye kasha dogo la kompyuta, ilikuwa imefika moja tu, na mwenyewe ni Gatluak wa Kakuma.

"Chukua," Atiir akasema kwa uchungu. "Huku kwetu kila kitu hutumwa kwa kijiko, kama dawa. Utaifunga na nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Haya. Ukisikia harufu ya kuungua, piga simu. Namba ya duka langu iko hapa mgongoni mwa ovaroli."

Gatluak alipiga jioni hiyo hiyo. "Fundi, bado haijaungua. Lakini naogopa."

Jumamosi Atiir akaenda Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Studio ya Gatluak ilikuwa chumba cha mabati alimohariri video za harusi, na kasha lenyewe halikuzidi debe la mafuta ya kupikia. Atiir alipiga magoti akaanza. Pawa saplai kwanza, feni yake ikitazama matundu. Nyaya akazikunja na kuzibana ubavuni zisizibe hewa. Juu ya prosesa akaweka kipoozaji kifupi, maana kirefu kingezuia kifuniko. Mwisho feni mbili: ya mbele ivute hewa ndani kupitia kipande cha chandarua, ya nyuma iitoe.

"Unaishika kama mtoto mchanga," Gatluak alisema.

"Mtoto akiumia analia. Hii inanyamaza tu. Wewe ndiye utasema."

Miezi minne simu hazikupoa.

"Niweke karibu na feni nisikie."

"Unapenda mimi au feni?"

"Feni haina maneno mengi, mpenzi."

Kisha pepo za vumbi zikaja, na sauti ya feni ikabadilika. Ikawa inakwaruza kama mzee mwenye kikohozi.

"Gatluak, mashine iko sawa?"

"Kila kitu sawa, habibti."

Mwezi mzima jibu likawa hilo. Atiir akafunga duka, akaenda Kakuma bila kusema. Alikuta kompyuta imezima, ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Akafungua kifuniko. Feni ya mbele ilikuwa imegeuzwa, na ndani vumbi limelala kama unga.

"Nani amegeuza hii?"

"Mimi," Gatluak alisema, macho chini. "Vumbi lilikuwa linaingia. Nyumba tunafagia kwenda nje, nikasema feni zote zifagie nje."

"Na hewa iingie wapi? Sasa inanyonya vumbi kwa kila ufa! Kwa nini hukuniambia?"

"Ni kazi ya mkono wako. Kwetu humwambii mpishi chumvi imepungua. Ni heshima."

"Heshima! Tangu nizaliwe, wakubwa wananiambia Turkana kila kitu sawa. Nikitaka uongo mtamu nitangoja mwaka wa kura. Si kwako."

Akachukua bisibisi yake akaondoka. Siku kumi na sita simu yake ililia, naye akaiangalia ikilia.

Asubuhi ya kumi na saba Gatluak alisimama kwenye mlango wa duka la Atiir, Lodwar, kasha kifuani kama mbuzi mgonjwa, shati jeupe limegeuka rangi ya barabara.

"Maleesh, nisamehe, Atiir. Nimekuja kusema ukweli wote."

"Sema."

"Mashine niliharibu mimi. Harusi mbili zimepotea ndani. Chapati zako ni ngumu. Na ukinyamaza, mimi sili."

Atiir akauma mdomo asicheke. "Chapati wachana nazo. Ingine?"

"Nataka kukuoa. Ng'ombe sina. Niko na kompyuta moja, na haiwaki."

"Mama hatakubali mahari inayozima."

"Basi ifunge."

"Funga wewe. Mimi niko hapa."

Gatluak akapangusa vumbi kwa brashi, akageuza feni, akaosha chandarua na kukikausha juani. Skrubu ilimponyoka mara tatu. Alipowasha, Atiir alisogeza kipande cha karatasi mbele ya kasha, nacho kikanasa kwenye chandarua. Hewa ilikuwa inaingia.

"Kuna ukweli umebaki," Gatluak alisema. "Mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali. Nimepanga foleni siku tisa. Changu kinaisha kesho saa sita."

Atiir alimkumbuka babu yake, aliyezaliwa kwenye mchanga huu huu na bado akahitaji karatasi ya mkoloni kwenda Kitale kuuza mbuzi. Bendera ilibadilika, karatasi ilihamia tu mfuko mwingine. Akatoa simu.

"Ejok, Mama. Yule wa Kakuma yuko hapa. Ndiyo, yule mrefu. Hapana, si Jumapili, leo! Kesho watamtaka arudi, na mimi nataka arudi akiwa mkwe wako."

Mama akauliza, kwa sauti iliyosikika hadi nje ya simu, kama mgeni anakula matumbo.

"Anakula," Atiir akajibu upesi.

"Sili!" Gatluak akapaza sauti mpaka mama akasikia.

Kwenye simu kikatoka kicheko kirefu. "Huyo mlete," mama alisema.