Mnara wa San Telmo Umeshika

Leonora alitoka nyumbani jua likizama, mkono mmoja umeshika ndoo ya ute wa mayai, wa pili umeshika tumbo. Mimba ilikuwa kubwa. Mbili za kwanza zilimharibikia, kwa hiyo hii aliibeba kwa woga. Hata ngazi ya nyumba aliishuka kinyumenyume.

Ute ulikuwa wa kanisa. Wahispania waliotawala visiwa hivi zamani walijenga hivyo: mawe ya matumbawe, chokaa, na ute wa mayai ili chokaa ishike. Viini waliachiwa wanawake wapike keki, ndiyo maana mji mzima wa San Telmo una meno mabovu. Kuta zile ni nene hata nyati wa kulimia akisimama mlangoni kichwa nje, mkia bado umo ukutani. Mababu walibeba mawe kwa viboko, na wazee husema si kila aliyepanda na jiwe alishuka. Kanisa likadumu karne mbili. Kisha tetemeko likauangusha mnara wa kengele peke yake, na Eladio, mume wa Leonora, fundi mkuu wa waashi, akapewa kazi ya kuujenga upya.

Mnara ukagoma. Chokaa ilitoka jasho, haikukauka. Kilichojengwa leo, kesho kimeteleza. Waashi walijua sababu. Huko hata banda halisimamishwi bila kuchinja nguruwe au kuku na kumwaga damu kwenye msingi, ili mwenye ardhi, mzimu wa mahali, anywe hiyo, asinywe ya mtu. Lakini Padre Anselmo, kijana aliyetoka seminari juzi tu, alikataza. "Kanisani kwangu damu ni moja," alisema, "ile ya kwenye kikombe."

Nyuma ya kanisa Leonora alinong'ona alivyofunzwa utotoni kuwaomba njia wasioonekana, "Tabi, wenyewe. Napita."

Kimya. Hata mbu hawakulia. Palinuka chokaa mbichi... na chini ya harufu hiyo, ya machinjioni.

Eladio alikuwa peke yake chini ya mnara, anatabasamu.

"Nora, njoo uguse. Imekauka. Imeshika sawasawa."

"Wenzako wako wapi?"

"Wameenda kunywa pombe ya mnazi. Wewe gusa."

Aligusa. Ukuta ulikuwa na joto la mwili.

"Ladio... umetia nini humu?"

Mumewe aliangaza huku na huku. "Usimwambie Padre. Yai moja tu la bata. Haya tunayokula jioni na chumvi, yenye kifaranga ndani. Nililipasua bichi kwenye chokaa. Katoka kadamu kadogo." Akacheka. "Yeye kakataza nguruwe. Yai hakulitaja."

Leonora hakucheka. Kila mtu mjini anajua: unachomwonjesha mwenye ardhi mara ya kwanza, ndicho atakachokifuata. Ukimpa kuku, atataka kuku. Na Eladio alimpa kiumbe ambacho hakijazaliwa.

Tok.

Ndani ya ukuta.

Tok... tok...

Mtoto tumboni, aliyekuwa akipiga mateke tangu asubuhi, akatulia.

"Ladio, hachezi."

"Kalala huyo."

"Hachezi, Ladio."

Hapo ndipo walipomwona. Kando ya shimo la chokaa alikaa mwanamke, kichwani shela nyeupe ya misa, ya mtindo wa zamani. Miguu yake ilikuwa chokaa tupu hadi magotini, na haikujulikana chokaa inaishia wapi na mguu unaanzia wapi.

"Ameonja, mwanangu," alinong'ona. "Sasa anakuja kumalizia."

Leonora alilikumbatia tumbo. "Bibi, mwambie aache. Nitamletea nguruwe. Hata sasa hivi."

"Nguruwe alikuwa wa jana."

"Na mimi?" Eladio aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba radhi. "Mimi niliyelitia yai. Sifai?"

"Nyamaza," mkewe alimwambia. "Ladio, nakuomba nyamaza."

Mwanamke alimtazama mwanamume yule kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Unafaa. Ila ukiingia ukae. Siku ukitolewa, atamrudia mdogo."

Eladio alivua kofia akampa mkewe. Akaweka kiganja ukutani. Leonora alifumba macho kwa hofu, na hofu hiyo anaijutia mpaka leo. Alisikia mwiko ukikwangua chokaa, taratibu, bila haraka...

Alipofumbua, hapakuwa na mtu. Ukuta tu, laini.

Ndipo mtoto akapiga teke, teke lililomkalisha chini.

Alizaliwa msichana, mnene, mwenye sauti. Watu walisema Eladio kakimbilia mji wa mbali kwa mwanamke mwingine. Leonora aliwaacha waseme. Moyoni alikuwa ameshamlilia kama mfu, na kilio cha mfu kina mwisho wake.

Siku ya ubatizo, watu walipokwisha kutawanyika, Padre Anselmo alimwita chini ya mnara, uliokwisha kujengwa. Alikuwa amekonda, na kile kiburi cha seminari hakikuwepo tena.

"Mama, sitaki kukutisha. Kuna mtu humu ndani. Namsikia kila jioni nikija kupiga kengele." Akaonyesha nje kwa kidole. "Waashi wako getini na nyundo zao. Wewe ndiye mke. Sema neno, tubomoe."

Leonora alimweka mtoto begani, akatega sikio kwenye jiwe.

"Nora..." Sauti ilikuwa karibu mno. Alikuwa yeye, amechoka, yu hai. "Nora, nisamehe, nimeshindwa. Nitoe."

Mtoto alimpumulia shingoni, pumzi za joto, fupi fupi.

"Umesikia?" Padre alinong'ona.

Leonora alitoa sikio ukutani.

"Sijasikia kitu, Padre," alisema. "Waambie wapige lipu nyingine. Nzito."