Mawe Yaliyosuguliwa Ukoga

"Nani kayagusa mawe yangu?"

Fundi friji alisimama mbele ya tangi lake la kioo, begi la vifaa bado liko begani. Siku mbili alikuwa safarini, anatengeneza majokofu ya ghala. Aliacha mawe ya bahari ya zambarau na kahawia, yenye utando na vitundu. Sasa yalikuwa meupe pee.

"Mimi," alijibu mchumba wake, akitabasamu kama mtu anayesubiri kupongezwa.

Mchumba huyu ni daktari wa meno. Kila mtu anamwita Daktari, hata mama yake mzazi.

"Umeyafanya nini?"

"Nimeyasugua, mpenzi. Yalikuwa na ukoga wa miaka! Nimeyakwangua kwa chombo changu cha kazini, nikapiga brashi, sabuni, maji ya bomba. Saa tano nzima! Limebaki lile dogo tu. Hilo nimelipeleka kliniki, kule kuna taa nzuri."

Fundi akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Daktari, ule haukuwa ukoga."

"Mimi nisijue ukoga?"

"Hayo ni mawe hai! Yamejaa bakteria wanaomaliza uchafu wa samaki. Bila hao, samaki anakufa kwa sumu ya choo chake mwenyewe. Wiki saba nimewalea, wewe umewafyeka kwa sabuni!"

Tabasamu likamtoka Daktari. Maana Fundi, kwa mdomo wake na mbele ya shangazi yake Daktari, aliapa kwamba siku samaki wa kwanza akiingia tangini, wiki hiyo hiyo posa inafika. Tangu hapo ukoo mzima unamngoja samaki. Kila Jumamosi Fundi anachota maji kwenye kichupa, anadondoshea dawa ya kupimia, anaangalia rangi, anasema, "Bado." Kwa nini bado? Daktari akaona jibu ni ule uchafu kwenye mawe, na ndiyo maana akashika brashi.

"Kwa hiyo unaanza upya?"

"Wiki saba nyingine. Labda nane."

"Nina miaka thelathini na minne, Fundi. Wenzangu wanasubiri viza, wanasubiri nyumba ziishe kujengwa. Mimi nasubiri mawe!"

"Nilikwambia uangalie pampu tu, usiguse kitu!"

"Basi yaoe."

Akabwaga funguo mezani, akaondoka. Alilia mpaka kwao, na kilichomuuma zaidi ni kwamba kosa lilikuwa lake.

Siku tatu hakuna aliyempigia mwenzake. Shangazi ndiye aliyetuma ujumbe:

"Mwanangu, samaki kaingia? Gauni nimeshashona, na mimi nazidi kunenepa."

"Shangazi, hakuna samaki. Na mume pia hakuna."

Asubuhi ya siku ya nne, Daktari alikuwa anachimba jino la mwalimu mmoja mstaafu. Dirishani palikuwa na chupa kubwa ya mdomo mpana, na ndani yake lile jiwe dogo. Mara mbili alitaka kulitupa, mkono ukakataa.

"Aaa! Aaa!" mwalimu akapiga kelele, pamba mdomoni.

"Inauma?"

Mwalimu akatikisa kichwa, akanyoosha kidole dirishani. Kwenye tundu la jiwe palichomoza mkono mwembamba kama uzi. Ukafuata wa pili. Jiwe lilikuwa linawapungia.

Daktari alipiga simu na glavu zake mkononi.

"Fundi! Jiwe lina mikono!"

"Lina nini?"

"Mikono! Miwili... mitatu! Kitu kinatoka tunduni!"

"Jiwe gani?"

"Lile dogo, sikuwahi kulikwangua. Nililibeba na maji ya tangi lako lisikauke njiani."

"Nakuja. Usiguse kitu!"

"Safari hii hata nikilipwa."

Fundi aliingia na ovaroli lenye mafuta, akapiga magoti mbele ya chupa.

"Mzima! Ni kiumbe wa baharini anayejificha tunduni. Akiishi yeye, bakteria nao wako hai. Daktari, hili linatosha. Tukiliweka katikati ya yale meupe, bakteria watahamia polepole. Yote yatarudi kuwa hai."

"Polepole kiasi gani?"

"Miezi mitatu."

Daktari akavua barakoa.

"Niambie kweli. Hata yangekuwa tayari, ungeleta posa?"

Fundi akakuna kichwa. Akaitazama chupa, akautazama ukuta.

"Yalikuwa tayari."

"Rudia."

"Tangu wiki ya tano. Maji yalikuwa safi kabisa. Nikawa nasema bado." Sauti ikamshuka. "Naogopa, Daktari. Hata ua la chungu lilinifia. Nikajiambia nikiweza kumtunza samaki, labda nitaiweza na nyumba. Samaki naye nikamwogopa."

Daktari alishika koleo la kung'olea meno bila kujua kwamba amelishika.

"Siku tatu nalia kwa mawe niliyoyaua, kumbe wewe ulishamaliza kupika, umekalia kifuniko!"

"Nisamehe. Nilipoona funguo mezani, nilijua woga wa samaki si kitu. Naogopa zaidi kukukosa wewe."

Mwalimu akatema pamba.

"Mwoe, kijana. Ganzi inaniisha."

Daktari alijitahidi kununa, kicheko kikamzidi nguvu. Akampa Fundi simu yake, namba ya shangazi ikiwa tayari inaita.

"Shikamoo, shangazi. Ni mimi, Fundi. Tunakuja Jumamosi."

"Marahaba! Samaki kaingia?"

Fundi akalitazama lile jiwe chupani.

"Hajaingia, shangazi. Nakuja mimi hivi hivi, na woga wangu."

"Afadhali," shangazi akasema. "Huyo samaki nilikuwa namwekea mafuta jikoni."

Samaki aliingia tangini miezi mitatu baadaye, akawakuta wenye nyumba wameshaoana. Brashi Fundi ameificha, mpaka leo Daktari hajui iko wapi.