Askari wa Bure

Haya yalimpata rafiki yangu Vitalis wa kule kijijini Ruanda, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia na chama chetu cha kahawa kikafa. Wakubwa waliyaita hayo mageuzi. Kaka yake Nicholaus, mlinzi wa ghala la chama, alikufa kwa uchungu.

Siku ya kumaliza matanga vitu vyote vya marehemu hugawiwa, visije vikamrudisha. Ubao wake wa sataranji, ule mchezo wa kete za mfalme na askari wake, ulikuwa bado ghalani.

"Kaulete, shemeji," alisema mjane, Scholastica. "Ubao usipokuja, ndugu yako hatalala."

Ghala halikuwa na dirisha. Vitalis alipoupapasa ule ubao gizani, majonzi yalimshika. Akapanga kete kwa kupapasa, akasogeza askari mmoja wa kaka yake na mmoja wake, kama walivyozoea kuanza. Hapo ndipo Nicholaus alipokuwa akimtoa bure askari wa ubavuni mwa mfalme, apate njia ya kushambulia. "Mle, mwoga wewe!" alikuwa akimtania. Vitalis hakuwahi kuthubutu.

Akafumba macho, akasali, "Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Kipande cha mti kikagonga ubao, ko!

Akawasha kiberiti. Askari wa ubavuni wa kaka yake alikuwa amesogea mbele. Vitalis akamshika amrudishe. Alikuwa wa moto, na amelowa jasho la mkono.